Masketia waliouzwa mara mbili

Desemba 1973, waigizaji waliokuwa wamekaa Hispania kwa miezi wakipigana kwa panga na kutokwa jasho ndani ya mavazi mazito ya karne ya 17 walialikwa Paris kuitazama kazi yao. Filamu iliitwa The Three Musketeers, na mwongozaji wake alikuwa Richard Lester. Ukumbi ulicheka, ukashangilia. Kisha, hadithi ilipofika mwisho, vikaja vipande vya mambo yatakayofuata: vita, visasi, mapambano mengine ya panga. Waigizaji walivitambua vipande vile, kwa kuwa ni wao waliovicheza kule Hispania. Kazi waliyoisainia kama filamu moja ilikuwa imekatwa katikati, na nusu ya pili imewekwa akiba iuzwe baadaye kwa jina jingine. Simulizi inayorudiwa mara nyingi ni kwamba wengi wao walilibaini jambo hilo usiku ule ule.

Si waigizaji wa kubahatisha. Michael York aliigiza nafasi ya d'Artagnan, Oliver Reed akawa Athos, Frank Finlay akawa Porthos na Richard Chamberlain akawa Aramis. Charlton Heston alivaa joho la Kadinali Richelieu. Faye Dunaway alikuwa Milady, Raquel Welch alikuwa Constance, Geraldine Chaplin alikuwa Malkia Anne, na Christopher Lee alikuwa Rochefort mwenye kitambaa jichoni. Mfalme Louis wa 13 aliigizwa na Mfaransa Jean-Pierre Cassel. Watayarishaji walikuwa Alexander Salkind na mwanawe Ilya.

Kati ya filamu zote nilizoziona zilizotokana na riwaya ya Alexandre Dumas, hii ndiyo ninayoiweka mbele, na kwa sababu hiyo siwezi kuusifu uzuri wake bila kueleza ilivyouzwa. Hadithi ya masketia ilianza maisha yake ikiuzwa kwa vipande, na kila ilipouzwa palikuwa na mtu aliyefanya kazi kubwa akabaki anadai. Ilikuwa hivyo mwaka 1844, na ikawa hivyo tena baada ya miaka 130.

Hadithi ya gazetini

Tarehe 14 Machi 1844 gazeti la Le Siècle la Paris lilianza kuchapisha Les Trois Mousquetaires, na likaendelea nayo hadi 14 Julai. Magazeti ya Ufaransa wakati huo yalikuwa kwenye vita ya bei. Mwaka 1836 La Presse na Le Siècle yalikuwa yameingia sokoni kwa nusu ya bei ya wenzao: faranga 40 kwa mwaka badala ya 80. Pengo lilizibwa na matangazo ya biashara, na wenye matangazo walitaka wasomaji wengi. Hadithi ya mfululizo, iliyopangwa chini ya ukurasa na kukatwa pale pale roho inapokaa juu, ndiyo iliyomrudisha msomaji kesho yake. Yeyote aliyekua akilaani neno “itaendelea” kwenye gazeti la wikiendi anaijua nguvu ya ujanja huo.

Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini riwaya ina mwendo ule. Kijana wa Gascony anaingia Paris bila senti, anagombana na watu watatu kwa siku moja, anakubali kupigana nao mmoja baada ya mwingine, saa baada ya saa. Kabla pigano la kwanza halijaisha wanatokea walinzi wa Kadinali, na maadui wanne wanageuka marafiki wanne. Kisha zinakuja almasi 12 za Malkia, safari ya kuvuka bahari kwenda Uingereza, Milady mwenye alama ya mhalifu begani, vita ya La Rochelle. Hakuna mahali pa kupumzikia.

Dumas hakuiandika peke yake. Mwenzake alikuwa Auguste Maquet, mtu aliyewahi kufundisha historia, ambaye alikuwa akichimbua habari za kale, anapanga visa na kuandika rasimu za kwanza. Dumas akizichukua alizigeuza: mazungumzo yakachangamka, watu wakapata damu. Waliandika pamoja hivyo hivyo Le Comte de Monte-Cristo, iliyoanza kutoka kwenye gazeti jingine Agosti mwaka ule ule. Lakini magazeti yalitaka jina moja tu chini ya hadithi, jina linalouza. Maquet alilipwa, jina halikutajwa. Baadaye, urafiki ulipovunjika, alikwenda mahakamani. Alipata fedha. Haki ya kuandikwa kama mtunzi mwenza hakuipata.

Nawaheshimu wote wawili katika shauri hilo. Anayesoma rasimu za Maquet zilizobaki anaona zisingeishi bila mkono wa Dumas. Lakini pasipokuwa na rasimu Dumas asingeweza kutoa riwaya mbili za ukubwa ule kwa wakati mmoja. Wenye magazeti ndio waliochuma bila kubishana na mtu.

Damu ya Jérémie

Kuna jambo jingine ambalo filamu nyingi za masketia zinalipita kimya. Bibi mzaa baba wa Dumas, Marie-Cessette Dumas, alikuwa mwanamke Mwafrika aliyeshikwa utumwani huko Jérémie, katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Alizaa na bwana mmoja wa ukoo wa kimarikizi, na mtoto wao Thomas-Alexandre, aliyezaliwa mwaka 1762, alipelekwa Ufaransa akiwa kijana. Huko Paris alijifunza upanga kwenye shule maarufu ya La Boëssière. Alipoingia jeshini aliacha jina la baba akatumia la mama. Mapinduzi ya 1789 yalimkuta askari wa kawaida. Ilipofika 1794 alikuwa jenerali anayeongoza Jeshi la Milima ya Alps. Mwaka 1797, kule Tyrol, alilizuia daraja peke yake dhidi ya wapanda farasi wa Austria. Baadaye alitekwa kusini mwa Italia akafungwa karibu miaka miwili, na aliporudi serikali ya Napoleon ilimnyima mafao yake. Alifariki mwaka 1806, mwanawe akiwa hajatimiza miaka minne.

Mtoto huyo alikua akisimuliwa habari za baba aliyeinua farasi kwa nguvu za mapaja na kushika daraja kwa upanga mmoja. Mimi sioni haja ya kutafuta mbali chanzo cha Porthos na nguvu zake, wala cha heshima ambayo watu wa Dumas wanaitafuta kwenye ncha ya upanga.

Mwaka mmoja kabla ya masketia, mwaka 1843, Dumas alikuwa ametoa riwaya iitwayo Georges, na hiyo inatugusa watu wa mwambao huu moja kwa moja. Shujaa wake ni chotara anayepambana na ubaguzi kisiwani Île de France, yaani Morisi, na ndani yake mna uasi wa watumwa. Mashamba ya kisiwa hicho yalilimwa na watu waliotolewa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Riwaya hiyo haikuwahi kupata umaarufu wa masketia, na ni hasara kwetu kwamba haijulikani.

Kuhusu rangi yake Dumas alitukanwa maisha yake yote. Mwaka 1845 mwandishi mmoja, Eugène de Mirecourt, alichapisha kijitabu cha kumshutumu kwamba anaendesha kiwanda cha hadithi, na matusi ya rangi yalijaa humo. Dumas alimshtaki akashinda. Novemba 2002 Rais Jacques Chirac alisimamia kuhamishwa kwa mabaki yake hadi Panthéon, wanakolazwa watu wakubwa wa Ufaransa, jeneza likiwa limefunikwa kitambaa cha buluu. Hata hivyo, mwaka 2010 filamu ya L'Autre Dumas, inayosimulia ugomvi wake na Maquet, ilimpa mzungu Gérard Depardieu nafasi ya Dumas, akavalishwa nywele za kusokota na kupakwa rangi. Watu weusi wa Ufaransa walilalamika, na walikuwa na kila sababu.

D'Artagnan wa kweli

Masketia walikuwepo. Kikosi cha walinzi wa Mfalme wenye bunduki za masketi kiliundwa mwaka 1622 chini ya Louis wa 13. Charles de Batz de Castelmore, aliyejulikana kwa jina la d'Artagnan, alizaliwa karibu na kijiji cha Lupiac huko Gascony, akapanda hadi kuwa mkuu wa kikosi hicho chini ya Louis wa 14, na ndiye aliyemkamata waziri wa fedha Nicolas Fouquet mwaka 1661. Athos, Porthos na Aramis nao walikuwa na watu halisi nyuma ya majina yao, wote wa upande ule ule wa kusini-magharibi, ingawa maisha yao hayakufanana sana na ya kwenye riwaya. Mwaka 1700 Courtilz de Sandras alitoa kitabu alichokiita kumbukumbu za d'Artagnan, nusu kweli nusu kubuni, na hicho ndicho Dumas na Maquet walichokitumia.

D'Artagnan wa kweli aliuawa tarehe 25 Juni 1673 kwenye mazingiwa ya Maastricht, kwa risasi ya kooni. Filamu ya Lester ilipigwa na kutolewa mwaka 1973, miaka 300 kamili baadaye. Mwaka huo huo, wakati wa kupiga pambano la kwenye kinu cha upepo, Oliver Reed alichomwa upanga kooni akakimbizwa hospitali.

Kabla ya Lester

Sinema iliwahi kuwapenda masketia mapema. Mwaka 1921 pekee zilitoka mbili kubwa: huko Marekani Douglas Fairbanks, mtu aliyeruka kama hana mifupa, na huko Ufaransa Henri Diamant-Berger, aliyeigawa hadithi katika sura 12 za kuonyeshwa kwa mfululizo. Mwaka 1948 kampuni ya MGM ilimpa mcheza dansi Gene Kelly nafasi ya d'Artagnan. Kelly alipigana kama anavyocheza, kwa miguu myepesi, tabasamu na mdundo.

Nayapenda mapigano hayo ya zamani. Bwana mmoja wa Kibelgiji, Fred Cavens, ndiye aliyewafundisha watu wa Hollywood namna ya kufanya upanga upendeze machoni: mapigo makubwa, ngazi ndefu, vivuli ukutani. Lakini katika filamu hizo hakuna anayechoka. Panga hazina uzito. Shati la shujaa linabaki jeupe hadi mwisho, na anayeuawa anaanguka kwa adabu.

Uzito wa chuma

Lester alizaliwa Philadelphia mwaka 1932 akafanya kazi yake kubwa Uingereza. Dunia ilimjua kwa A Hard Day's Night ya mwaka 1964, filamu ya Beatles. Aliyemwandikia masketia alikuwa George MacDonald Fraser, mtunzi wa riwaya za Flashman, askari wa zamani aliyeipenda historia na kuijua. Fraser hakuibadilisha hadithi ili imfae mtazamaji wa kisasa. Aliirudia riwaya kwa uaminifu kuliko karibu wote waliomtangulia, akaamini kuwa Dumas alijua alichokuwa akifanya.

Aliyepanga mapigano alikuwa William Hobbs, Mwingereza ambaye baadaye angefanya pia The Duellists, Cyrano de Bergerac ya 1990 na Rob Roy. Hobbs alianza na swali ambalo wengi hawakuliuliza: mtu anayetaka kweli kumuua mwenzake, na anayeogopa kweli kufa, anapigana vipi? Upanga wa wakati ule ulikuwa mrefu, na uzito wake ulifika kilo moja au kuzidi. Mtu akiuzungusha dakika tatu, bega linaanza kulia. Kwa hiyo katika filamu hii wanahema. Wanakosa. Wanateleza kwenye matope, wanarusha mateke, wanatupiana viti, wanakamata joho na kulizungushia mkono liwe ngao. Reed alipigana kwa nguvu zote hadi waliopangiwa kukabiliana naye wakawa wanamwogopa, na ukitazama uso wake pale anapomkimbilia mtu unaona kwa nini.

Kuna pambano la mapema kati ya masketia na walinzi wa Kadinali linaloingia hadi mahali pa kufulia nguo. Mashuka yaliyoloa yananing'inia kila upande, maji yamejaa sakafuni, na wale wanaume wanageuza nguo hizo silaha, wanapigana nazo usoni. Wanawake waliokuwa wakifua wanajaribu kuokoa kazi yao. Lester haoni haya kuwaonyesha. Kamera yake, iliyoshikwa na David Watkin, inawakuta wabeba mizigo, watumishi na wauza vitu pembeni ya kila tukio kubwa, wakinung'unika maneno yao kwa sauti ya chini. Kwenye bustani ya ikulu Mfalme anacheza sataranji kwa kutumia mbwa waliovikwa mavazi, na kila kitu kinang'aa. Ukitoka nje ya lango, Paris ina tope na njaa. Masketia wenyewe hawana hela: kuna mahali wanaanzisha ugomvi wa uongo kwenye hoteli ili katika vurugu ile waibe chakula, kuku huku na mkate kule, kwa ncha ya upanga. Ni tukio la kuchekesha, lakini njaa yao ni ya kweli.

Pambano ninaloliona bora zaidi lina watu wawili tu. Ni usiku, msituni. D'Artagnan na Rochefort wameshika kila mmoja taa yenye kifuniko. Ukifunua taa yako unamwona adui, lakini naye anakuona. Ukiifunika, mnabaki mnasikilizana pumzi. Mwanga unatokea, chuma kinagongana mara mbili, giza linarudi. Hakuna muziki mkubwa unaokwambia uogope. Ukishaitazama sehemu hiyo unajua Hobbs na Lester walikuwa wamekaa muda mrefu kufikiri mapigano ni nini hasa.

Mandhari yote ni ya Hispania, pamoja na bustani za kifalme za Aranjuez na mji wa Toledo, kwa kuwa huko majengo ya zamani yalikuwepo na gharama zilikuwa nafuu. Mavazi yalibuniwa na Yvonne Blake, na filamu ya pili ikateuliwa kwa tuzo ya Oscar kwa ajili yake. Raquel Welch, ambaye magazeti yalizoea kumwandika kwa umbo lake tu, alipewa tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa kike katika filamu za vichekesho na muziki, na aliistahili: Constance wake anaangusha vitu, anagongwa na milango, na bado ndiye mtu mwenye moyo safi kuliko wote ikuluni.

Kifungu chenye jina la mtu

Turudi kwenye mkataba. Mpango wa awali ulikuwa filamu moja ndefu yenye mapumziko katikati, kama zilivyokuwa filamu nyingi kubwa za miaka ile. Wakati wa kazi ikaonekana kwamba hadithi nzima haitakamilika kwa tarehe iliyotangazwa, na akina Salkind wakaamua kuigawa. Nusu ya kwanza, ya almasi za Malkia, ikatoka kama The Three Musketeers. Nusu ya pili, ya La Rochelle na kisasi cha Milady, ikafuata mwaka 1974 kwa jina la The Four Musketeers. Kila moja ilizidi dakika 100, na kila moja ilikuwa na tiketi yake.

Kwa mtazamaji haikuwa hasara. Alipata hadithi kamili. Kwa waliofanya kazi ilikuwa jambo jingine. Walikuwa wamelipwa kwa filamu moja. Sasa sura zao, majina yao na majeraha yao yalikuwa yanaingiza fedha mara mbili. Walifungua mashtaka. Mwishowe walilipwa kiasi, ingawa hakikufikia malipo ya filamu nyingine nzima. Chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani hakikuridhika na fidia ya mara moja. Tangu hapo mikataba ya wanachama wake ina kifungu kinachokataza mtayarishaji kuigawa kazi moja kuwa filamu mbili bila kukubaliana hivyo kwa maandishi tangu mwanzo. Watu wa kazi hiyo wanakiita kifungu cha Salkind.

Kuna watakaosema kuwa watu hao walikuwa matajiri tayari na hawakuhitaji kuonewa huruma. Sikubaliani. Heston na Dunaway walikuwa na mawakili. Lakini mkataba uliopatikana kwa kesi yao unamlinda pia mwigizaji anayetokea kwa dakika mbili akibeba sinia. Haki za wafanyakazi katika sinema zimejengwa hivyo hivyo mara nyingi, na mtu mwenye jina kubwa anayekataa kunyamaza.

Akina Salkind walijifunza. Mwaka 1977 walipoanza kupiga Superman na Superman II kwa pamoja, mikataba ilisema wazi kuwa ni filamu mbili. Na Lester, ambaye mwenyewe alikuwa akiwadai fedha za masketia, ameeleza kuwa aliingia kwenye kazi ile kwa sehemu kwa ajili ya deni hilo. Mwongozaji Richard Donner alipoondolewa, Lester ndiye aliyemalizia filamu ya pili.

Daraja la Toledo

Miaka 15 baada ya kupiga filamu ya kwanza, masketia wa Lester walirudi Hispania. York, Reed, Finlay, Chamberlain, Lee, wote wakiwa na mvi za kutosha, walikusanyika kwa The Return of the Musketeers, kutoka riwaya ya Dumas inayoendeleza hadithi baada ya miaka 20. Roy Kinnear, mchekeshaji mnene mwenye uso wa upole aliyekuwa Planchet, mtumishi wa d'Artagnan, alirudi pia.

Septemba 1988, mjini Toledo, wakipiga tukio la farasi wakikimbia juu ya daraja, Kinnear alianguka. Nyonga ilivunjika. Siku iliyofuata, tarehe 20, alifariki hospitalini Madrid kwa moyo kusimama, akiwa na miaka 54. Sehemu zake zilizobaki zilimaliziwa kwa mtu mwingine aliyeonekana kwa mgongo. Familia yake ilikwenda mahakamani ikalipwa fidia. Lester alimaliza filamu ile kwa uchungu, na tangu hapo hakuongoza tena filamu ya hadithi. Alifanya moja tu, ya maonyesho ya Paul McCartney, mwaka 1991.

Siwezi kuitazama filamu hiyo ya tatu kwa furaha. Tulizoea kushangilia kwamba watu wa Lester wanaanguka kikweli, na tunapaswa kukumbuka kuwa miili ile ilikuwa ya watu.

Masketia wanarudi nyumbani

Kwa miongo mingi hadithi hii ilikuwa mikononi mwa Waingereza na Wamarekani. Mwaka 2023 Wafaransa waliichukua tena kwa nguvu. Martin Bourboulon aliongoza filamu mbili zilizopigwa kwa pamoja, D'Artagnan ya Aprili na Milady ya Desemba, na zilitangazwa kuwa mbili kabla kamera haijawashwa. François Civil ni d'Artagnan, Eva Green ni Milady. Athos ni Vincent Cassel, mtoto wa Jean-Pierre Cassel aliyekuwa Mfalme kwa Lester. Waandishi wa filamu hizo, Matthieu Delaporte na Alexandre de La Patellière, waliendelea wenyewe na Le Comte de Monte-Cristo mwaka 2024, na watu zaidi ya milioni 9 walikata tiketi nchini Ufaransa pekee.

Ni filamu nzuri, za giza na vumbi, na kamera yake haitulii. Zimejifunza kwa Hobbs kwamba upanga ni kazi ngumu. Kicheko hazikukichukua, na kicheko ni nusu ya Dumas.

Kwa atakayezipata zile mbili za Lester, ushauri wangu ni azitazame usiku mmoja, bila kuacha siku katikati, kama Fraser alivyokusudia kabla ya mkasi wa watayarishaji. Ile ya kwanza inakwenda mbio kama watoto waliotoroka shule. Ya pili inaanza kwa mwendo ule ule, masketia wakila kifungua kinywa ndani ya ngome huku risasi zinawapita, na kisha taratibu mambo yanaanza kuwa mazito: Athos anamkuta mwanamke aliyempenda, akamnyonga na kudhani amekufa, Buckingham, bwana mkubwa wa Uingereza, anachomwa kisu, na Constance anafungiwa kwenye nyumba ya watawa ambako Milady ametangulia kufika. Ukizitenganisha kwa mwaka mzima, unapata vichekesho na kisha msiba. Ukiziunganisha unaona ni vijana wale wale, na kwamba lile giza lilikuwepo tangu siku ya kwanza, pale kijana wa Gascony alipokuwa bado anadhani kupigana ni mchezo.